Tajiri Mmoja, Viwanja Viwili

Februari 2020 mashabiki wa besiboli wa Boston walikuwa kwenye msiba. Red Sox, timu yao, ilikuwa imemtoa Mookie Betts na kumpeleka Los Angeles kwa Dodgers. Betts hakuwa majeruhi wala hakuwa amezeeka. Alikuwa na miaka 27, na mwaka 2018 alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa ligi yake, mwaka uleule ambao Red Sox walitwaa ubingwa. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni na wenye timu hawakuwa tayari kulipa alichotaka. Watu wa Boston hawakumtafuta mchawi mbali. John Henry na wenzake wa Fenway Sports Group, wanaomiliki Red Sox, wanamiliki pia Liverpool, na majira yale Liverpool ilikuwa imewaacha wapinzani wake Uingereza kwa pointi ambazo hakuna aliyeweza kuzifikia. Hesabu ikawa nyepesi: hela zetu zimevuka bahari.

Haukupita mwaka, Liverpool nayo ikalia. Januari 2021 Virgil van Dijk, Joe Gomez na Joël Matip, mabeki wa kati wote watatu, walikuwa wakiuguza majeraha. Dirisha dogo la usajili likapita siku baada ya siku bila mtu kuletwa, hadi dakika za mwisho walipopatikana Ozan Kabak kwa mkopo na Ben Davies kutoka Preston. Huko Anfield maelezo yalikuwa yaleyale, ila yamegeuzwa kichwa chini miguu juu: matajiri wa Boston wanatukamua ili wakale raha na besiboli yao.

Hawa wanasema hela zimekwenda kule, wale wanasema zimeletwa huku. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi, na nadhani wote wawili wamekosea, ingawa hofu yao si ya kupuuzwa. Ni hofu ya kweli iliyoelekezwa mlango usio wake.

Tuanze na Betts. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara, ila ina tozo. Timu inayolipa wachezaji wake kupita kiwango kilichowekwa hutozwa faini, na faini hupanda kila mwaka timu inapoendelea kukaidi. Kiwango cha 2020 kilikuwa dola milioni 208. Red Sox walikuwa wamekivuka mwaka 2018 na 2019, na kushuka chini yake kwa msimu mmoja kungefuta mlolongo wote wa faini na kuwaanzishia upya. Ndiyo maana Betts hakuondoka peke yake. Aliunganishwa na David Price, mrushaji mwenye mshahara mnono. Huo ulikuwa ubahili wa kibesiboli, uliopigiwa hesabu kwa kanuni za besiboli. Liverpool isingekuwepo duniani, hesabu ingebaki vilevile.

Upande wa Uingereza, kanuni za faida na hasara ambazo Ligi Kuu ilizitumia kwa zaidi ya miaka kumi ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu. Hata kama Henry angeamka asubuhi moja akataka kumwaga mapato ya Fenway Park pale Anfield, mlango wa kuyapitishia ungekuwa mwembamba. Na hajawahi kutaka. Tangu aliponunua Liverpool Oktoba 2010 kwa pauni milioni 300, falsafa ya nyumba yake imekuwa moja: kila timu ile kwa jasho lake. Liverpool iliposajili kwa zaidi ya pauni milioni 400 katika kiangazi cha 2025, akiwamo Alexander Isak kwa pauni milioni 125, Boston waliufufua wimbo wa zamani, maana Juni ya mwaka huohuo Red Sox walikuwa wamemtoa Rafael Devers. Lakini Liverpool ilikuwa bingwa wa England, klabu inayoingiza zaidi ya pauni milioni 600 kwa mwaka, na kiangazi kilekile ilikuwa imewauza Luis Díaz, Darwin Núñez na Jarell Quansah. Ilikula chakula chake yenyewe.

Kwa hiyo shabiki anaposema "huyu tajiri hatoi hela," mara nyingi anasema kweli. Anapoongeza "kwa sababu ana timu nyingine," hapo ndipo anapoteleza. Bahili mwenye timu moja ni bahili tu. Mashabiki wa Newcastle walimvumilia Mike Ashley miaka 14, na hakuwa na timu ya besiboli ya kulaumu.

Pamoja na hayo, kelele zina faida yake hata zikiwa zimekosea sababu. Januari 2, 2023 kulichezwa mechi ya hoki ya barafu katikati ya uwanja wa besiboli wa Fenway Park, kati ya Boston Bruins na Pittsburgh Penguins. Henry alikuwa mwenye uwanja na pia mwenye timu ya wageni, kwa kuwa Fenway Sports Group iliinunua Penguins mwaka 2021. Alipojitokeza alizomewa. Xander Bogaerts alikuwa ametoka kuiacha Red Sox, na watu walihofu Devers angefuata. Wiki hiyohiyo habari za mkataba mpya wa Devers, zaidi ya dola milioni 300, zikatoka. Siwezi kuapa kwamba zomeazomea ndiyo iliyotia saini. Lakini Liverpool wana ushahidi ulio wazi zaidi: Februari 2016, tiketi ya pauni 77 ilipotangazwa, maelfu waliinuka na kutoka uwanjani dakika ya 77 wakiwa wanaongoza 2–0 dhidi ya Sunderland. Mechi iliisha 2–2, na siku chache baadaye wenye klabu waliomba radhi na kuiondoa bei hiyo.

Twende kwa Arsenal, ambako nadharia ya mfuko mmoja imepata kipimo chake kizuri kuliko kote. Stan Kroenke alianza kununua hisa za klabu hiyo mwaka 2007, akawa na nyingi kuliko wengine wote mwaka 2011, na mwaka 2018 akamlipa Alisher Usmanov takriban pauni milioni 550 ili abaki peke yake. Marekani ana Los Angeles Rams ya mpira wa Kimarekani, Denver Nuggets ya kikapu, Colorado Avalanche ya hoki na Colorado Rapids ya soka. Mwaka 2019 makundi ya mashabiki wa Arsenal yalitoa tamko la pamoja yakimuuliza kama anaijali klabu. Misimu miwili iliyofuata Arsenal ilimaliza nafasi ya nane. Wakati huo Kroenke alikuwa anajenga SoFi Stadium huko Inglewood, uwanja wa mabilioni ya dola, na kila shabiki wa Arsenal kuanzia Holloway hadi Manzese alijua, bila kuhitaji karatasi, kwamba nguzo zake zimesimamishwa kwa mabeki ambao Arsenal haikuwanunua.

Kisha Rams wakatwaa Super Bowl Februari 2022, ndani ya uwanja huohuo. Juni, Avalanche wakachukua Stanley Cup. Juni 2023 Nuggets wakawa mabingwa wa NBA kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kama nadharia ingekuwa sahihi, Arsenal wangekuwa wamekauka mifupa. Badala yake walimaliza wa pili mara tatu mfululizo, wakamnunua Declan Rice kwa pauni milioni 100 na nyongeza milioni 5, na vitabu vyao vikaonyesha mkopo wa mwenye klabu uliozidi pauni milioni 200. Timu alizonazo zilikuwa zilezile za 2019. Kilichobadilika ni watu waliopewa usukani pale London, kocha waliyemwamini hata alipofungwa, na mtoto wa tajiri, Josh, aliyeanza kuonekana klabuni.

Simtetei. Mwaka 2014 na 2015 Arsenal iliilipa kampuni ya Kroenke pauni milioni 3 kila mwaka kwa kile kilichoandikwa kuwa ni huduma za ushauri. Mashabiki walipiga kelele na malipo yakakoma. Fedha ilitoka, ndiyo, ila haikwenda kununua mchezaji wa Denver. Ilikwenda kwa mwenye mali. Manchester United ni mfano mkubwa zaidi wa njia hiyo. Malcolm Glazer, mwenye Tampa Bay Buccaneers ya mpira wa Kimarekani tangu 1995, aliinunua United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo uliobebeshwa klabu yenyewe. Riba, ada, marejesho na gawio tangu siku hiyo vinakadiriwa kupita pauni bilioni 1. Buccaneers waliposhinda Super Bowl Februari 2021 wakiwa na Tom Brady, wako waliosema Manchester ndiyo iliyolipia pete zile. Haiwezekani. Kila timu ya NFL hupokea mgawo sawa wa fedha za pamoja za ligi, nyingi zikiwa za televisheni, ambao siku hizi unazidi dola milioni 400 kwa mwaka, na hairuhusiwi kulipa mishahara kupita kikomo kilichowekwa, dola milioni 255.4 kwa msimu wa 2024. Tampa haikuhitaji hela za United. Waliozihitaji walikuwa wakopeshaji na wanahisa.

Mlango wa kwanza wa kulindwa, basi, ni deni. Liverpool wanaujua kuliko wote. Kabla ya Henry, klabu ilikuwa ya Tom Hicks na George Gillett, walioinunua mwaka 2007. Hicks alikuwa na Texas Rangers ya besiboli na Dallas Stars ya hoki. Gillett alikuwa na Montreal Canadiens. Uchumi wa dunia ulipoyumba, kampuni ya michezo ya Hicks ikashindwa kulipa mikopo ya dola milioni 525 mwaka 2009. Gillett akaiuza Canadiens mwaka huohuo. Mei 2010 Rangers wakaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi, na kufikia Oktoba benki ndiyo iliyokuwa ikiamua hatima ya Liverpool. Hakuna aliyehamisha hela kutoka timu moja kwenda nyingine. Mtu mmoja alikopa kila mahali, na alipoanguka, alianguka na nyumba zake zote.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo kwa jina jingine. Mwajiri kuwa na timu za michezo mingi ni jambo la kawaida kwetu: APR ya Rwanda ina soka, kikapu na wavu, KCB ya Kenya ina soka, raga na wavu, na JKT ya Tanzania ina soka, netiboli na kikapu. Hakuna shabiki wa soka anayelalamika kwamba netiboli inamlia bajeti. Lakini waulize watu wa Mwanza, ambao Pamba yao ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1990, au wa Morogoro waliokuwa na Reli, au wa Bukoba waliokuwa na RTC Kagera. Mashirika ya umma yalipoyumba na kubinafsishwa, timu ziliporomoka pamoja nayo. Pamba ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 tu, chini ya mmiliki mwingine, yaani jiji.

Mlango wa pili ni mazoea, na huu ndio ninaouogopa zaidi. Mwenye timu Marekani hashuki daraja. Timu yake ikiwa ya mwisho kabisa, kwenye kikapu na mpira wa Kimarekani hupewa nafasi ya mbele ya kuchagua vijana bora. Red Sox walishika mkia wa kundi lao mwaka 2020, 2022 na 2023, na bado walibaki miongoni mwa timu zenye thamani kubwa kuliko nyingine duniani. Tajiri aliyekaa miaka 20 katika ligi ya namna hiyo akija Uingereza na kuona kwamba msimu mmoja mbovu unaweza kumtoa Ligi ya Mabingwa, na miwili ikamtupa daraja la chini, haoni msisimko ambao sisi tunauona. Anaona shimo kwenye mpango wake wa biashara.

Aprili 18, 2021 walijaribu kulifukia. Klabu 12 zilitangaza Super League, yenye waanzilishi wa kudumu wasioweza kushushwa. England ilitoa sita, na tatu kati ya hizo, Manchester United, Liverpool na Arsenal, zilikuwa za Wamarekani wenye timu katika ligi zilizofungwa. Joel Glazer wa United alikuwa makamu mwenyekiti wa Super League hiyo. Wengine walikuwemo pia, Florentino Pérez wa Real Madrid akiwa mbele, kwa hiyo dhambi si ya Wamarekani peke yao. Lakini muundo uliopendekezwa ulitoka kwao moja kwa moja: ndio waliouishi nyumbani. Siku mbili baadaye klabu zote sita zilikuwa zimejitoa. Henry aliomba radhi kwa video. Aprili 23 maelfu walijaa nje ya Emirates wakimtaka Kroenke auze, na Mei 2 mashabiki wa United waliingia Old Trafford mpaka mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Hapo, kwa mara moja, mashabiki waligonga mlango sahihi. Hakuna aliyekuwa akiuliza nani kanunuliwa na nani hakununuliwa.

Kwenye mazoea hayohayo kuna kuhama. Kroenke ni mtoto wa Missouri, na majina yake mawili, Enos na Stanley, yalitoka kwa nyota wawili wa besiboli wa St. Louis Cardinals. Mwaka 2016 aliitoa Rams St. Louis na kuipeleka Los Angeles. Jiji lilifungua kesi, na Novemba 2021 kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 790. Kuhamisha timu ni jambo linalofahamika Marekani. England ilitokea kwa Wimbledon kupelekwa Milton Keynes, na kidonda hicho hakijapona hadi leo. Arsenal haiwezi kuhamishiwa Texas. Hata hivyo shabiki wa London aliyeisoma kesi ya St. Louis alijifunza jinsi huyu bwana anavyoitazama timu ya nyumbani kwao.

Kuna kitu kingine kinachovuka kutoka timu moja hadi nyingine, nacho kinatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja: mdhamini. Tangu 2018 mkono wa jezi ya Arsenal ulibeba maneno Visit Rwanda. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwamba Rwanda inawasaidia, Rwanda imekana, na waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaziandikia Arsenal, Bayern na PSG akizitaka zivunje mikataba yao na Visit Rwanda. Kundi la mashabiki wa Arsenal lilipinga mdhamini huyo hadharani. Msomaji wa Goma au Bukavu hahitaji kuelezwa maana ya kuvaa jezi ile mwaka huo.

Novemba 2025 Arsenal na Rwanda walitangaza kwamba ubia wao ungeisha Juni 2026. Waliopinga wakapumua. Lakini miezi michache kabla, mwaka huohuo, Visit Rwanda ilikuwa imetangaza ubia mpya Los Angeles, na mmoja wa washirika wake ni Rams, timu ya Kroenke. Sisemi kwamba mkataba mmoja uliutoa mwingine. Sina msingi wa kusema hivyo, na Rwanda iliingia pia kwa Clippers wa kikapu, ambao si wa Kroenke. Ninachosema ni kwamba shabiki wa London aliyeshinikiza alikuwa na sauti katika nyumba moja tu. Nyumba ya pili ya tajiri yuleyule haimjui, na mashabiki wake hawakuwa na vita ya Kivu mezani. Hapa mtu mwenye timu mbili anatofautiana kweli na mwenye moja: si kwa fedha alizonazo, bali kwa idadi ya milango anayoweza kutokea.

Zamani hata ligi zenyewe ziliogopa wenye timu nyingi. NFL ilikuwa na kanuni ya kumzuia mwenye timu yake kumiliki timu ya mchezo mwingine mkubwa katika mji wa timu nyingine ya NFL. Kwa sababu hiyo Kroenke ilimbidi aachie Nuggets na Avalanche, naye akaziandikisha kwa jina la mkewe, Ann Walton Kroenke. Kanuni ilikuwa na meno ya kibogoyo, na mwaka 2018 ilifutwa. Sheria mpya ya Uingereza ya usimamizi wa soka, iliyopitishwa Julai 2025, ina nguvu zaidi: msimamizi huru atapima fedha za mwenye klabu, na klabu haziruhusiwi kujiunga na mashindano yaliyopigwa marufuku. Super League imefungiwa mlango huo. Tajiri anachofanya na timu yake ya kikapu kinabaki shauri lake.

Nikiulizwa ni mashabiki gani wa Kroenke wenye haki kubwa zaidi ya kuwa na wasiwasi, sitataja Arsenal. Nitataja Colorado Rapids. Anao tangu 2004, na ubingwa wao wa pekee wa MLS ni ule wa 2010. Hawashuki daraja, kwa hiyo hawana tishio la kumtisha. Hawana umati wa dunia, kwa hiyo kelele zao haziendi mbali. Na ni hao tu katika familia nzima waliowahi kuona mchezaji akivuka kutoka timu moja ya tajiri kwenda nyingine mchana kweupe. Januari 2022 Arsenal ilimchukua beki wa Rapids, Auston Trusty, ikamwacha Colorado kwa mkopo hadi Julai, ikampeleka Birmingham kwa msimu mmoja, na mwaka 2023 ikamuuza Sheffield United. Hakucheza mechi hata moja ya mashindano akiwa na jezi ya Arsenal.